Mwiko wa Saa Nane

Saa moja na robo asubuhi, kijiji cha utamaduni kilikuwa bado kimekunjwa ndani ya turubai, nyuma ya boti, chini ya kreti la soda. Kijiji chenyewe kilikuwa paa moja la makuti ya plastiki, kinu kisichowahi kutwangiwa kitu, ngoma, na mkeka wenye nembo ya kiwanda upande wa chini. Mwongoza watalii aliufungua mkeka, akaukunja upya ili nembo ibaki ndani, akaurudisha mahali pake. Kila ziara ilianza hivyo, kwa kuficha nembo.

Wenzake walimwita mwanamke huyo Ratiba, kwa sababu akiulizwa habari za asubuhi alijibu kwa saa na dakika. Alikuwa na shahada ya jiografia, viatu vya mpira, na mkataba wa muda uliokuwa unakwisha Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mwenye kampuni alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti alfajiri. Aliusikiliza kwa mara ya pili, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega.

"Ratiba, huyu mama ni wakala wa safari, na si wakala wa kubabaisha. Akiridhika, msimu mzima anatuletea watu, na wewe Ijumaa unasaini ajira ya kudumu. Asiporidhika, Ijumaa tunaagana kwa wema. Kitu kimoja tu: kisiwa cha jirani aliwafutia kila kitu kwa sababu simu ya mzee wa kimila iliita ndani ya joho. Hataki maigizo. Anataka asili. Kwa hiyo zimeni simu, muwe wa asili."

Akaizima simu. Nyuma yake nahodha alikuwa anapanda botini huku akikung'uta mchanga miguuni, na mpishi akamngoja hapohapo pa kupandia.

"Shemeji, leo umeoga, au unangoja wimbi likuogeshe?"

"Nimeoga, shemeji. Mimi naoga wageni wakija. Wewe unaoga ukisikia harusi."

"Ndiyo maana mimi bado naitwa kwenye harusi."

Nahodha alikuwa mjomba wa Ratiba, ndugu wa mama yake, tumbo moja. Ndiye aliyemtafutia kazi. Kazini Ratiba alipaswa kumwita kapteni, na alijitahidi. Nahodha alimwita mwanangu kotekote, hata kwenye redio ya bandari ambako vyombo vyote vilisikia.

Wageni walifika wawili. Wakala alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya jua na mwendo wa mtu aliyezoea kusubiriwa. Mumewe alikuwa daktari wa meno. Alikuwa na kamera isiyoogopa maji, na tabia ya kumkodolea mtu mdomo anapozungumza. Watu walidhani wanasikilizwa.

"Kwenye kipeperushi mmeandika kayaki," alimwambia Ratiba, akiangalia meno yake ya chini. "Sizioni."

"Ziko njiani, bwana daktari."

Zilikuwa njiani tangu msimu wa juzi. Vilivyokuwepo ni mbao mbili za kupiga kasia kwa kusimama, za kujazwa upepo, na moja ilikuwa na tundu. Kulikuwa pia na boya la duara la kuvutwa na boti. Daktari alivutwa nalo mizunguko mitatu na kutangaza kuwa limemtikisa figo. Baada ya hapo ukaja utamaduni.

Ukweli kuhusu kisiwa hicho ni mfupi. Hakina maji ya kunywa, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuishi hapo. Waliolala usiku mmoja walilala kwa sababu injini iliharibika. Kipeperushi kilikiita chimbuko la ukoo wa kale. Mpishi alijifunga shuka ya mistari, akaketi kwenye mkeka, akatwanga hewa ndani ya kinu kwa uchungu wa kweli, maana mgongo ulikuwa unamuuma. Nahodha alipiga ngoma. Kisha Ratiba akawaonyesha wageni jiwe.

Lilikuwa mwamba mweupe kwa vinyesi vya ndege, upande wa pili wa mkondo, mbali kiasi cha kusikia mtu akipiga kelele lakini usielewe anasema nini.

"Lile ni Jiwe la Bibi," alisema. "Inasimuliwa kwamba bibi mmoja alisahauliwa pale na wakwe zake. Hadi leo, ikishapita saa nane mchana, bibi analala. Hakuna chombo kinacholikaribia jiwe baada ya saa nane, kiwe na injini au kasia."

"Inasimuliwa na nani?" wakala aliuliza.

Ratiba alifungua mdomo, lakini nahodha alikuwa ameshajibu.

"Na wote, mama. Huo ni mwiko. Hatuchezi nao."

Wakala alivua miwani kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamtazama mzee yule. Ratiba aliona jinsi alivyomtazama, akahesabu kwamba Ijumaa imesogea karibu kwa upande mzuri.

Bibi yule alizaliwa ofisini, miaka mitatu nyuma, kati ya chakula cha mchana na saa ya kufunga duka la uchapaji. Mwenye kampuni alikuwa amevunja propela mbili kwenye miamba ya pale, akasimika kibao chekundu cha hatari. Wageni walipiga picha na kibao. "Hatari hawaiogopi," aliamua mwenye kampuni. "Wape kitu cha kuheshimu." Ratiba akawapa bibi. Wakwe aliwaweka kwa sababu zake binafsi. Wakati ule alikuwa na wakwe. Saa nane aliichagua kwa sababu propela ya mwisho ilivunjika saa nane, siku hiyo maji yalipokuwa yamepwa. Alijua vizuri kwamba maji hayapwi saa ileile kila siku, yanachelewa karibu saa nzima kila kunapokucha. Lakini kipeperushi hakiwezi kufuata mwezi.

Wageni wakauheshimu mwiko. Jambo ambalo hakulipima ni kwamba wageni hukaa siku moja, na wafanyakazi husikia hadithi ileile kila siku.

Saa saba, baada ya chakula, ratiba ilisema mapumziko. Wakala alilala kwenye bembea ya kamba. Daktari hakutaka kulala. Alichukua ubao mzima, akavaa jaketi la kujiokolea kwa kuwa Ratiba alisimama mbele yake mpaka alivae, akaenda zake.

"Narudi kabla ya saa nane," alisema. "Mimi ni mtu wa sheria."

Alilifikia jiwe maji yakiwa yamepwa, akapanda, akalivua jaketi kwa sababu liliharibu picha, akaliweka juu ya ubao. Ubao hakuufunga. Baada ya muda maji yakaanza kujaa, yakaunyanyua ubao taratibu, yakaondoka nao pamoja na jaketi na kasia, kama mtu anayeondoa vyombo mezani.

Sauti yake ilifika ufukweni saa nane na nusu.

Ratiba alikimbilia botini. Nahodha alikuwa ameketi kwenye ukingo wa boti, mikono magotini, akitazama jiwe.

"Kapteni, washa. Mgeni amekwama."

"Namwona."

"Basi washa."

"Mwanangu, saa ngapi sasa?"

Ratiba alidhani anataniwa. Akamtazama usoni, akaona hataniwi.

"Maji yanajaa, mjomba. Kina kipo, propela haigusi kitu. Baada ya saa moja jiwe litafunikwa, na yule hajui kuogelea."

"Alijua mwiko, akaenda."

"Alikwenda saa saba! Hajavunja chochote. Saa nane imemkuta kule!"

"Basi saa nane haikumkosea, yeye ndiye aliyeikalia." Nahodha alisema kwa huzuni, si kwa ukaidi. "Mimi simchukii yule bwana. Ila sina ruhusa."

Ratiba alitazama nyuma. Wakala alikuwa ameamka na alikuwa anakuja, bila haraka bado. Akainama karibu na sikio la mjomba wake.

"Mjomba, nisikilize. Ule mwiko niliutunga mimi. Ofisini. Nikauandika kwenye kompyuta, printa ikiwa inaishiwa wino. Hakuna bibi. Hakujawahi kuwa na bibi."

Nahodha alimtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyerudi na mtihani wa kufeli.

"Najua uliandika. Nani hajui? Sasa nikuulize: aliyeandika cheti chako cha kuzaliwa ndiye aliyekuzaa?"

Shahada ya jiografia haikumfundisha Ratiba hilo.

"Tangu mwiko ulipowekwa, propela ngapi zimevunjika?" nahodha aliendelea.

"Hakuna, kwa sababu hatuendi kule!"

"Umeona? Na fundi wa injini? Alikwenda saa kumi kuchukua nanga. Wiki hiyohiyo mkewe akaondoka."

"Mkewe aliondoka kwa sababu fundi alikuwa na mwingine!"

"Na huyo mwingine," aliuliza mpishi, aliyekuwa amefika na mwiko wake wa kusongea mkononi, "alimpata lini? Baada ya nanga."

Wakala akafika. Alimwona mumewe ng'ambo, amesimama kwenye mwamba, anapunga kofia. Ratiba alimweleza: ubao umechukuliwa na maji, ubao wa pili una tundu, boti ipo, na nahodha hataki kwenda kwa sababu ya mwiko.

"Hataki kabisa?" wakala aliuliza.

"Kabisa."

"Hata kwa mume wangu?"

"Hata kwa baba yangu mzazi, mama," nahodha alisema. "Nisamehe."

Wakala alishika kifua. Ratiba alidhani analia. Alikuwa anatafuta simu yake, akaiwasha, akaanza kurekodi. Kwanza jiwe, halafu uso wa nahodha, ambako alikaa muda mrefu zaidi.

"Miaka yote hii," alisema kwa sauti ya chini, "nimelipia ngoma za kukodi. Sijawahi kuona mtu anaamini."

"Mama, mumeo atazama."

"Namwona, dada. Mimi pia nina macho. Fanyeni kitu. Lakini msimlazimishe mzee."

Ng'ambo, maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya daktari. Alikuwa ameinua kamera juu ya kichwa kwa mikono miwili.

Ratiba alifanya hesabu. Akisema ukweli mbele ya wakala, Ijumaa imekwisha: huyu ndiye mwanamke aliyeufuta mkataba wa kisiwa kizima kwa mlio wa simu. Akinyamaza, daktari atakuwa wa kwanza kufa kwa ajili ya mwiko wenye umri mdogo kuliko viatu vyake. Aliamua upesi, bila kuupamba uamuzi huo.

"Mama wakala," alisema kwa sauti ambayo wote wangesikia, "mwiko huu ni wa uongo. Niliutunga mimi kwa agizo la mwenye kampuni. Hapa hapajaishi mtu. Kinu kile ni cha mapambo, na mkeka ni wa kiwandani. Ugeuze utaona nembo. Sasa mwambie kapteni awashe injini."

Mpishi alishusha macho, akamwonea aibu.

Wakala alimgeuzia simu, akafikiri, akaizima. Huyu hakufaa kurekodiwa.

"Dada," alisema, "nimewaona wengi kama wewe. Mnasoma kidogo, mnaanza kuyaonea haya ya kwenu. Mzee huyu yuko tayari kupoteza kazi kwa imani yake, na wewe unamwita mwongo mbele ya wageni. Unapaswa kumwomba radhi."

"Mwache, mama," nahodha alisema. "Ni mtoto wa dada yangu. Nimembeba mgongoni. Anasema hivyo kwa hofu."

Ukweli ulikuwa umejaribiwa mara mbili, ukashindwa mara mbili. Mtu aliyesomea vipimo angetaka jaribio la tatu. Lakini maji yalikuwa yanaelekea magotini mwa daktari, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayedai huduma.

Ratiba akavuta pumzi.

"Samahani, mjomba," alisema. "Umesema kweli, ni hofu. Nimesahau jambo. Upo ufunguzi."

Nahodha alisimama. "Ufunguzi upi?"

"Wa kumwamsha bibi kwa heshima. Haukuingia kwenye karatasi kwa sababu nafasi ilikwisha."

"Nilijua!" Nahodha alimgeukia shemeji yake. "Sikukwambia? Kila mwiko una mlango."

"Ulisema," mpishi alikubali, ingawa hakuwahi kusema.

"Nahodha anageuza nguo nje ndani," Ratiba alisema. Alikuwa anatunga huku akivuta kamba ya boti. "Injini inazimwa tukikaribia, tunaingia kwa kasia ya akiba. Na bibi anamiminiwa maji matamu."

"Maji ya kunywa yamekwisha," mpishi alisema. "Imebaki soda."

"Soda inafaa."

Nahodha alisita, mkono mmoja ukiwa umetoka kwenye shati. "Watu wa zamani hawakuwa na soda, mwanangu."

"Ndiyo maana ana hamu nayo," mpishi alisema, akamtupia chupa.

Hilo likamaliza mjadala. Wakala alipanda nao, akisisitiza kwamba hataingilia chochote. Walipovuka nusu ya mkondo nahodha alizima injini, akamgeukia mpwa wake, akangoja.

"Na maneno?"

Hakuwa na maneno. Alikuwa na kile alichokisoma usiku uliopita kitandani, mkataba wa muda, kurasa nne. Akamimina soda ya machungwa baharini, ikatoa povu, akasema polepole:

"Hodi, bibi. Tunaingia kwa idhini, tunatoka kwa amani, bila kuathiri haki zilizopo."

Nahodha alifumba macho. "Maneno mazito hayo," alinong'ona.

Wakasogea. Boti ililigusa jiwe bila kukwaruza kitu, maana chini yake palikuwa na kina cha watu wawili. Daktari alivutwa ndani kwa kwapa, magoti yakivuja damu, meno yakigongana. Kwa mara ya kwanza watu wengine ndio waliotazama mdomo wake. Alitapika upande wa upepo, na upepo ukamrudishia. Kisha akatazama chini ukingoni, kwenye maji ya buluu.

"Hapa pana kina tele," alisema. "Mngeweza kuja nusu saa iliyopita. Kwa nini hamkuja?"

Ratiba alimtazama mjomba wake.

"Si suala la kina, bwana daktari," nahodha alisema.

"Ni suala la nini, basi?"

"Mume wangu," wakala alisema, mkono begani kwake, simu mkononi, "nyamaza kidogo. Bado tuko ndani ya tambiko."

Walifika gatini jioni. Daktari aliingia garini amejifunga shuka ya mistari ya mpishi, akafunga mlango, akakaa humo. Wakala alibaki gatini na Ratiba.

"Nitawaletea watu msimu mzima," alisema. "Kwa sharti moja. Ufunguzi uwe sehemu ya ziara. Na mgeni mmoja awe kwenye jiwe, la sivyo hautakuwa na maana."

"Mama, maji hubadilika kila siku. Saa tisa ya leo si saa tisa ya kesho. Siku nyingine boti itapasuka, siku nyingine mtu atafikiwa shingoni."

"Mtapanga, dada. Nyinyi ndio wenyeji." Akamshika mkono, kwa huruma. "Na jifunze kwa mjomba wako."

Usiku ule Ratiba alimpigia mwenye kampuni na kumweleza kila kitu kwa mpangilio wa matukio, pamoja na kile alichomwambia wakala ufukweni.

"Ulimwambia ni uongo?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Akasemaje?"

"Hakuamini."

"Basi kutoamini kwake sasa ni mali ya kampuni. Usiiguse. Ijumaa njoo usaini. Nimekutafutia na cheo: Mratibu wa Mila na Asili."

Ijumaa alisaini. Aliomba mambo mawili yaandikwe. La kwanza, mgeni wa jiweni avae jaketi lisilovuliwa na afungwe kamba, likakubaliwa. La pili, saa ya ufunguzi ifuate jedwali la maji. Mwenye kampuni alisema hana tatizo, mradi nahodha akubali. Nahodha alikataa.

"Bibi hana jedwali," alisema.

Kwa hiyo Ratiba alichukua jedwali mwenyewe, akapiga mstari kwenye siku zote ambazo saa tisa ingeua mtu au propela, akaziita siku za bibi kusafiri. Hilo nahodha alilipokea bila swali. Alisema hata yeye alikuwa ameshahisi kwamba bibi anatembea.

Kundi la kwanza la wakala lilikuja wiki iliyofuata, siku ambayo bibi alikuwa nyumbani. Aliyejitolea kukaa jiweni alikuwa meneja mstaafu wa benki, mwenye jaketi na kamba kiunoni, anayepunga mkono kila mara kwa ajili ya wajukuu. Saa tisa boti ilifika katikati ya mkondo. Nahodha, shati nje ndani, alizima injini. Wageni wakainua simu. Ratiba alisimama mbele, akamimina soda.

"Hodi, bibi. Tunaingia kwa amani, tunatoka kwa idhini..."

"Ngoja," nahodha alisema.

Wageni wakageuka wote.

"Umegeuza, mwanangu. Ni idhini kwanza, halafu amani."

"Mjomba, ni yaleyale."

"Si yaleyale. Hayo maneno yana wenyewe."

Wageni wakasubiri. Jiweni, meneja mstaafu aliacha kupunga mkono. Mpishi akatoa chupa nyingine ya soda, akaifungua kwa meno, akampa. Ratiba alimimina, akaanza upya tangu hodi. Nahodha alimfuata neno kwa neno, midomo ikicheza, mpaka kwenye haki zilizopo. Akaridhika, akachukua kasia.